Bibi wa Nyuma ya Saa

3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumai unaisoma mwenyewe hii. Ukisomewa na jirani, nitakufa kwa aibu.

Leo nimepiga yowe mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akaja mbio na nyundo mkononi. Tangu Baba afariki miezi miwili iliyopita sijawahi kuingia chumba cha nyuma cha duka. Niliogopa kukuta miwani yake mezani nikaanza kulia upya. Leo nikajipa moyo. Nikasogeza lile kabati la saa za ukutani zilizokufa, na nyuma yake nikakuta sanduku la kioo lenye udongo na gome la mti. Nikaingiza mkono kutoa gome. Mkono mtupu, Shangazi! Chini ya gome kulikuwa na buibui mkubwa kama kiganja cha Baba, mweusi tii, magoti yana rangi ya kutu. Akainua miguu ya mbele akanionyesha meno.

Subiri, sijamaliza. Kando ya sanduku kulikuwa na daftari. Mwandiko wa Baba: "Bibi kala. Bibi kagoma kula. Bibi kanuna leo." Moyo ukanipasuka. Nikasema lahaula, kumbe mzee wangu alikuwa na mwanamke wa siri! Kisha nikafungua kopo la biskuti na humo nikakuta buibui wengine kumi na saba, nikapiga yowe la pili. Hao walikuwa wepesi kama karatasi, watupu ndani. Ni magamba. Kila gamba limebandikwa kile kibandiko tunachobandika kwenye saa za wateja: "Mteja: Bibi", tarehe, na chini yake "Mzima."

Wewe umefanya kazi chumba cha buibui cha makumbusho miaka thelathini. Niambie nimfanyeje huyu. Baba hakuwahi kunigusia hata neno moja.

Chiriku wako


9 Machi

Chiriku,

Marahaba. Masikio yamekwisha kabisa, lakini macho yapo.

Kwanza mkono wako usiingie tena humo. Pili mwekee maji kwenye kisosi kifupi. Miezi miwili bila chakula si kitu kwa tarantula mkubwa, ila bila maji atakufa.

Kuhusu ni buibui gani, rangi ya magoti haitoshi, rangi hudanganya. Chukua gamba jipya kuliko yote. Liloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone moja la sabuni, saa nzima, mpaka lilainike. Kisha ukunjue tumbo lake kwa kibano chako cha saa. Kwa ndani utaona mabaka manne meupe. Hayo yalikuwa mapafu. Katikati ya mabaka mawili ya juu kuna mpasuo. Kama ni jike, hapo pana vifuko vidogo anavyohifadhia mbegu za dume. Anapojivua gamba anavivua na hivyo. Kila aina ya buibui ina vifuko vya umbo lake, na ndivyo tunavyowatambua. Vaa lenzi yako ya jichoni, unichoree.

Niandikie pia tarehe iliyo kwenye kibandiko cha kwanza kabisa.

Kaka yangu akiona mende alikuwa anapanda juu ya kiti kwa woga. Sielewi, na sipendi kutoelewa.

Shangazi yako


14 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Nimekunjua tumbo polepole bila kulichana, na fundi viatu alikuwa mlangoni akichungulia huku akiapa kwamba hatanunua tena saa kwangu. Ni jike! Vifuko viwili vimeungana kwa chini, ncha zake zimepinda kwa nje kama masikio ya mbuzi, na katikati pana kifundo kimoja cha mviringo. Mchoro nimeuambatisha.

Kibandiko cha kwanza ni cha tarehe 12 Juni, miaka kumi na tisa iliyopita. Gamba lenyewe ni dogo, halizidi sarafu. Cha mwisho ni 5 Januari, wiki moja kabla Baba hajafariki. Mwandiko umepinda, lakini "Mzima" ameiandika.

Nimeanza kumzoea, usinicheke. Nikifungua duka asubuhi namsalimia. Kesho natafuta wanaouza nyenje ili apate kula.

Chiriku wako


22 Machi

Chiriku,

Nimeuangalia mchoro wako. Ni buibui wa kawaida, wanauzwa popote. Hana thamani yoyote kwa elimu.

Usimwonyeshe mtu. Magamba yote yachome moto, na daftari pia. Mwezi ujao nitakuja mwenyewe nimchukue. Usiniulize zaidi.

Shangazi yako


25 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimeshachelewa, na hata ingewahi sidhani kama ningechoma maandishi ya Baba. Umenishangaza sana. Tena hujaniuliza hata hali.

Nilikwenda kwenye duka moja la ndege na samaki wa mapambo. Mwenye duka ni mzee mwembamba, anauza nyenje kwenye makopo, na nyuma ana rafu nzima ya tarantula. Nikamwonyesha lile gamba ili ajue nyenje wa ukubwa gani wanamfaa. Alilipeleka kwenye mwanga. Kisha akajitupa juu ya gunia la chakula cha ndege. Nilidhani amepatwa na kiharusi, nikaanza kumpepea na gazeti.

Anasema aina hiyo haikupewa jina mpaka leo. Ilikuwa inaishi kwenye kilima kimoja tu, na kilima chenyewe kimepasuliwa kwa baruti kikawa kokoto. Yeye aliwahi kuokota jike mmoja mwenye mayai kabla ya baruti, akalea uzao wake vizazi vitatu. Majike wote wameshakufa. Amebaki na dume mmoja tu, na dume huyo alijivua gamba la mwisho mwezi wa kwanza. Amenionyesha ndoano kwenye miguu yake ya mbele. Dume akishaota ndoano hizo ndiyo kakomaa, na hakai sana. Anadhani huenda asifike Juni.

Shangazi, yaani kuna mmoja kwake na mmoja kwangu, dunia nzima! Bibi katoka kujivua gamba Januari, kwa hiyo yuko tayari kabisa kupandishwa, na hatajivua tena karibuni akatupa mbegu. Tukikosa miezi hii miwili, basi tena.

Akaniuliza nilimpata wapi. Nikamwambia ni wa marehemu baba yangu, fundi saa. Akaligeuza gamba kiganjani. Kisha akasema, "Una shangazi aliyekuwa mkuu wa chumba cha buibui?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia gamba na kuniambia, "Kamuulize yeye."

Nakuuliza.

Chiriku


29 Machi

Chiriku, Chiriku,

Umefanya nini wewe! Mtu huyo ni mwizi. Alikuwa msaidizi wangu. Nilileta vitoto viwili kutoka kwenye kile kilima kwa mikono yangu mwenyewe. Mmoja alikufa, wa pili yeye akamwiba, na kulikuwa na ushahidi. Alifukuzwa kazi na kuwekwa ndani miezi minne. Asikanyage dukani kwako. Usimpe hata unywele wa buibui huyo.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Nikimaliza kufunga saa nikakuta skrubu moja imebaki mezani, najua sijaifunga sawa, hata kama inatembea.

Ulisema ni wa kawaida. Sasa unasema ni yule aliyeibwa. Mwizi ni yule mzee, na kitu kilichoibwa kimekaa miaka kumi na tisa nyuma ya kabati la Baba. Huyo mwizi gani anaiba halafu anampelekea fundi saa amtunzie?

Nani alitoa ushahidi?

Chiriku


19 Aprili

Shangazi,

Siku kumi na saba, kimya. Basi nimeambiwa na mwingine.

Mzee wa nyenje alikuja jana. Alisimama barabarani mbele ya duka, hakutaka kuingia. Nikatoka nikamkaribisha, akasema, "Humo siingii, binti. Baba yako alinitazama usoni mbele ya kamati akaapa kwamba aliniona natoka mlango wa nyuma na boksi ndani ya koti." Shangazi! Nilikaa pale pale kwenye ngazi, wateja wananipita.

Nikamwambia mchukue Bibi, ni wako, mpandishe na dume wako. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Akionekana kwangu nitakuwa mwizi mara ya pili. Na safari hii watamkuta kweli." Anataka karatasi. Barua kutoka kwako kwenda makumbusho, inayosema nani alimchukua. Bila hiyo hamgusi, na dume hamtoi.

Dume ameanza kudondoka ukutani. Juzi ameanguka mara mbili.

Wewe ulikuwa unajua nini?

Chiriku


24 Aprili

Mwanangu,

Nimeandika na kuchana mara tano.

Baba yako ndiye aliyekuwa akitia ufunguo saa kubwa ya ukumbi wa makumbusho kila Jumamosi. Akimaliza, alikuja chumbani kwangu tunywe chai. Jumamosi moja alikuta chupa ya spiriti mezani. Nilimweleza kwamba Jumatatu yule mdogo ataingia humo, kwa sababu buibui hapewi jina mpaka mmoja awekwe kabatini, amekufa, ili wengine walinganishwe naye. Akaniuliza, "Lazima afe ndiyo aitwe jina?" Nikamwambia ndivyo kazi ilivyo. Alikaa akimwangalia buibui yule mpaka chai ikapoa. Jumatatu sanduku lilikuwa tupu.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia amemwona msaidizi na boksi. Kaka yangu wa pekee. Nilimwamini kama ninavyoamini jua litachomoza. Mchoro wako uliponifikia, nilikaa chini sakafuni jikoni na sikuinuka mpaka giza likaingia. Vifuko vile nilishaviona kwenye gamba la yule mdogo tu, hakuna buibui mwingine mwenye navyo. Kumtambua yeye kulikuwa kumtambua mwizi. Ndiyo maana nikakudanganya.

Sasa nisikilize. Jina lililo juu ya mlango wa duka ni la baba yako. Watu wanakuachia saa zao kwa sababu ya jina hilo. Nikiandika barua ile, nani atakuletea saa? Mwambie mzee alete dume kwa siri siku moja ukiwa umefunga. Nusu saa inatosha. Vitoto vikipatikana tutaona la kusema. Nakuomba.

Shangazi yako


27 Aprili

Shangazi,

Kwa siri? Mtu kalala ndani miezi minne kwa sababu yetu, halafu aingie kwetu kwa siri, kama mwizi?

Ubao wa jina nimeushusha leo mwenyewe, fundi viatu amenishikia ngazi. Akiniuliza mteja, namwambia. Wawili wameshaniuliza. Mmoja amechukua saa yake akaondoka. Mwingine amesema saa yake bado haitembei na anaitaka Ijumaa.

Baba nampenda bado. Nimekasirika mpaka meno yananiuma, na nampenda.

Dume amepoteza mguu mmoja. Mzee anamnywesha maji kwa pamba. Andika, Shangazi. Nakusihi andika.

Chiriku


3 Mei

Kwa ndugu yangu wa zamani kazini,

Sijui nikuiteje, kwa hiyo nimekuita hivyo. Ukiona ni tusi, futa.

Nakala ya barua niliyompelekea Mkurugenzi leo imo humu. Ina muhuri wa posta. Nimesema ni kaka yangu aliyechukua, ni kaka yangu aliyeapa uongo, na wewe hukuwa na hatia. Nimeomba isomwe mbele ya wafanyakazi wote na iwekwe kwenye faili lako juu ya ile ya kukufukuza. Mchukue buibui. Hakuna atakayekushika.

Hiyo ndiyo barua uliyoitaka. Hii ya pili hukuiomba, wala mpwa wangu haijui.

Mwaka wa nne baada ya wewe kuondoka nilikwenda dukani kwa kaka yangu. Alitoka kwenda kununua maziwa ya chai. Wakati huo nilikuwa bado nasikia. Saa zilikuwa zinagonga ukuta mzima, na katikati ya kelele ile nikasikia nyenje wanalia. Walikuwa wengi, nyuma ya kabati. Niliwalisha buibui nyenje miaka thelathini, nisingekosea sauti ile. Fundi saa hafugi nyenje.

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye kabati. Sikwenda. Alirudi, nikanywa chai, nikamsifia chai, nikaondoka. Sikurudi tena dukani kwake mpaka alipokufa, na kila mtu alidhani ni kwa sababu ya umbali.

Mpwa wangu nimemwambia nilimwamini kaka yangu kama jua. Ni kweli, kwa miaka minne. Kumi na tano iliyobaki nilijua. Nilijiambia sikuona kitu, na kweli sikuona, kwa kuwa sikutaka kuona. Wewe ulikuwa unauza nyenje, na mimi nilikuwa nalipwa mshahara kwenye chumba ulichokuwa ukikipiga deki.

Sikuombi kitu.

Aliyekuwa mkuu wako


2 Oktoba

Kwa aliyekuwa mkuu wangu,

Barua zako mbili zilifika tarehe 7 Mei. Ya Mkurugenzi niliisoma nimesimama. Ya pili niliisoma nimekaa, kisha nikaenda kuzunguka mtaa mara tatu bila kofia kwenye mvua. Miaka yote hiyo nilimchukia kaka yako peke yake. Ulinilazimisha kuanza upya, na umri huu mimi sina nguvu za kuchukia watu wawili.

Mama yangu alizikwa nikiwa ndani. Hilo hukulijua. Sasa unalijua.

Tarehe 8 nilimchukua Bibi dukani. Niliingia ndani. Mpwa wako alikuwa ametoa kiti akakifuta vumbi, lakini sikukaa. Jioni hiyo nilimwachia dume kwenye mlango wa sanduku lake. Miguu saba tu. Nilishika kipande cha kadibodi tayari kumwokoa. Akagonga chini kwa miguu ya mbele kama anayebisha hodi. Kimya. Akagonga tena. Bibi akajibu! Nilimsikia kwa masikio yangu, akagonga mara nne kutoka ndani ya shimo. Alitoka, akainuka, dume akamzuia meno kwa ndoano zake, na ikawa. Hakumla. Dume alikufa baada ya siku kumi na moja, kwa uzee, kwenye kiganja changu.

Mfuko wa mayai ulipatikana mwezi wa saba. Bibi aliulinda kama mama yeyote. Vitoto vilianguliwa wiki mbili zilizopita. Nilivihesabu mara mbili kwa sababu macho yangu hayakuamini: mia moja na arobaini na tisa. Nililia mbele ya mteja wa kasuku.

Mkurugenzi alinipigia simu. Barua imesomwa. Aliniuliza kama nataka kurudi kazini. Nilicheka mpaka akakata.

Ila sikuandika kukueleza hayo.

Vitoto vinakufa. Vilianza Jumapili. Vinakunjika miguu, asubuhi nakuta vitano, jioni kumi. Nimepunguza maji, nimeongeza maji, nimehamisha joto, nimewatenga. Wa vizazi vyangu hawakuwahi kufanya hivi. Leo wamebaki themanini na wawili. Wewe ndiye uliyewahi kulea vitoto kutoka kilimani kwenyewe, na mmoja ulimvusha salama kabla kaka yako hajamchukua. Uliandika kwenye daftari la makumbusho jinsi ulivyofanya, na daftari hilo wamelipoteza. Nimewauliza. Liko kichwani mwako tu.

Sijakusamehe. Sijui kama nitaweza.

Ukiisoma hii, njoo kesho yake.

Mwuza nyenje